Unapoweka Mshale kwenye Grafu, Umetoa Kauli

Chukua grafu ya usawa wa maji ya Ziwa Victoria kama unavyopimwa Jinja, pale Mto Nile unapoliacha ziwa. Mstari unaanza mwishoni mwa karne ya 19, unapanda na kushuka kwa hatua ndogo ndogo kwa zaidi ya miaka 60. Halafu, kati ya 1961 na 1964, unapaa zaidi ya mita 2 hadi kufika 13.41 kwenye kipimo cha Jinja mwezi Mei 1964. Ilichukua zaidi ya miaka 40 maji kukaribia tena usawa ule wa zamani.

Mtu wa kandokando ya ziwa, awe wa Mwanza, Kisumu, Bukoba au Entebbe, akiuona mlima ule atakumbuka simulizi za wazee kuhusu mialo iliyomezwa na mashamba yaliyogeuka vinamasi. Mgeni ataona mstari uliopanda, basi. Ili mgeni naye aelewe, anahitaji mtu wa kumwambia: tazama hapa, mvua za vuli za 1961 ndizo hizi. Kwenye karatasi mtu huyo hayupo. Kazi yake inafanywa na maneno matatu manne na mshale mmoja.

Makala haya yanauchambua mshale huo, na hasa namna ya kuutengeneza kwa Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu inayotumika zaidi katika lugha ya Python. Masomo mengi ya Matplotlib huugusa mwishoni, kama urembo wa kumalizia kazi. Mimi naona kinyume. Mshale ni mahali ambapo mchoraji anaacha kuonyesha namba na kuanza kusema jambo kuhusu namba hizo. Ndiyo maana kila kigezo chake, kuanzia umbo la ncha hadi mwanya wa milimita moja, kinagusa maana. Anayelijua hilo hahitaji kukariri orodha ya vigezo, kwa kuwa kila kimoja kitakuwa na sababu ya kuwepo.

Ulikotoka

Kiswahili kina majina ya viungo vya mshale tangu zamani: chembe ni ncha yake, wano ni mti wake, na podo ni ala ya kuibebea mishale. Huo ulikuwa mshale wa mwindaji na wa askari. Mshale wa kuelekeza jicho ni wa juzijuzi ukilinganisha. Waandishi wa Ulaya wa zama za kati walikuwa wakichora mkono wenye kidole kilichonyooshwa pembeni mwa ukurasa, penye neno la kuzingatiwa. Karne ya 18 Mfaransa Bernard Forest de Bélidor, katika kitabu chake cha uhandisi wa maji kilichoanza kutoka 1737, alitumia mishale kuonyesha maji yanaelekea wapi.

Grafu za takwimu zilipokuja, wabunifu wake walijua mapema kwamba maneno yanapaswa kukaa penye jambo lenyewe. William Playfair, aliyetoa atlasi yake ya biashara 1786, aliandika majina ya mistari ya bidhaa zinazoingia na zinazotoka juu ya mistari yenyewe. Charles Joseph Minard, katika mchoro wake wa 1869 wa jeshi la Napoleon likienda Urusi, aliandika idadi ya askari kando ya utepe unaozidi kuwa mwembamba, kuanzia 422,000 hadi 10,000 waliorudi. Msomaji wake hapelekwi kwenye ufunguo wa pembeni kisha kurudishwa.

Matplotlib ilizaliwa kutokana na haja ya namna hiyohiyo. John Hunter alikuwa mtafiti wa ubongo huko Chicago, akichambua mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Alitaka zana huru ya kuchora, yenye uwezo wa zile za kulipia, na toleo la kwanza likatoka 2003. Hunter alifariki Agosti 2012 akiwa na miaka 44, na tangu hapo maktaba imekuwa ikitunzwa na jumuiya ya watu wa kujitolea. Leo inatumiwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza na wanasayansi walioshughulikia picha ya shimo jeusi iliyotangazwa Aprili 2019.

Ncha ni ya data, maandishi ni ya karatasi

Amri ya msingi ni `annotate`. Hii hapa katika umbo ambalo ningependa kila anayeanza alizoee:

```
ax.annotate("Kilele cha Mei 1964",
            xy=(1964.4, 13.41), xycoords="data",
            xytext=(30, 18), textcoords="offset points",
            arrowprops=dict(arrowstyle="->"))
```

Sehemu `xy` inataja mahali ncha inapogusa. Sehemu `xytext` inataja mahali maandishi yanapokaa. Mshale huanzia kwenye maandishi na kuishia kwenye jambo. Hadi hapo hakuna fumbo. Ugumu, na uzuri, uko kwenye yale maneno mawili ya pembeni: `xycoords` na `textcoords`. Yanasema kila upande wa mshale unahesabiwa kwa kipimo kipi.

Ncha inasema "data". Maana yake inahesabiwa kwa miaka na mita, kama mstari wenyewe. Ukibadilisha ukubwa wa mhimili, ncha itaufuata mstari popote uendako. Maandishi yamewekwa "offset points": pointi 30 kulia na pointi 18 juu ya ile ncha. Pointi ni kipimo cha wachapaji, 72 kwa inchi moja, kwa hiyo tunazungumzia sentimita moja kulia na zaidi kidogo ya nusu sentimita juu. Umbali huo ni wa karatasi. Haujali kama mhimili wa wima una mita 3 au 300.

Usipoandika `textcoords`, Matplotlib hutumia kipimo kilekile cha `xycoords`, na maandishi nayo yanakaa kwenye data. Kosa hili nalijua kwa uchungu. Zamani niliandaa ripoti ya kila mwezi ya mvua kwa ofisi moja. Nikaweka maandishi "mwezi wa mvua nyingi zaidi" kwenye milimita 150, mshale ukishuka vizuri kugusa mstari. Miezi ikapita, ikaja mvua iliyovuka milimita 400. Mhimili ukajivuta kuipokea, na maandishi yangu yakabanwa chini kabisa, yamelala juu ya mstari, mshale umebaki kama alama ya mkato. Tena ule haukuwa mwezi wa mvua nyingi zaidi. Nilikuwa nimeiandika ncha kwa mkono, kwa kukadiria kwa macho, kwa hiyo haikuhama. Kikaoni wote walikaa kimya, isipokuwa mzee mmoja aliyeinamia karatasi akauliza kwa upole, "Kijana, huu mshale unaonyesha nini?" Sikuwa na jibu.

Nilichojifunza siku ile ni mambo mawili. La kwanza, maandishi yashikamane na ncha kwa kipimo cha karatasi. La pili lina uzito zaidi: ncha ihesabiwe kutoka kwenye data, isikadiriwe. Kama kauli yako ni "kilele", iambie kompyuta itafute kilele:

```
i = usawa.idxmax()
ax.annotate("Kilele", xy=(i, usawa[i]), ...)
```

Data ikisahihishwa, mshale unasahihishwa nao. Mshale uliowekwa kwa mkono ni ushahidi wa mtu aliyeona jambo jana. Mshale unaohesabiwa hurudi kutazama kila mara grafu inapochorwa.

Kuna vipimo vingine. "axes fraction" hugawa uwanja wa grafu kuanzia 0 hadi 1, chini kushoto ikiwa (0, 0) na juu kulia (1, 1). Hiki kinafaa kwa maandishi yanayotakiwa kubaki kwenye kona moja hata data ikibadilika vipi. "figure fraction" hufanya vivyo hivyo kwa karatasi nzima. Lipo pia jambo linalowashtua wengi: ncha ikiwa ya data na ikaangukia nje ya uwanja, maelezo yote hayachorwi, na hakuna onyo lolote. Huo ni uamuzi wa makusudi, kwa sababu mshale unaoonyesha kitu kisichoonekana hauna kazi. Anayeutaka hata hivyo huandika `annotation_clip=False`.

Milango miwili isiyoingiliana

Umbo la mshale huandikwa ndani ya kamusi ya `arrowprops`, na hapa kuna milango miwili. Ukiweka `arrowstyle`, umeingia mlango mmoja. Usipoiweka, umeingia mwingine, ambako mshale ni umbo nene lililojazwa, lenye unene wa pointi 4 na kichwa cha pointi 12 kwa 12, linalorekebishwa kwa `width`, `headwidth`, `headlength` na `shrink`. Vigezo vya mlango huu havikubaliki kwenye ule. Anayechanganya `arrowstyle` na `headwidth` hupata ujumbe wa kosa, na wengi hudhani wamekosea tahajia.

Mlango wa pili, usio na `arrowstyle`, unafaa kwa bango la ukutani. Kwa kitabu, jarida au ripoti, mshale wa pointi 4 ni gogo. Unamvuta msomaji autazame wenyewe kabla ya kutazama unachoonyesha. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu mlango wa kwanza.

Ipo pia amri iitwayo `arrow`, ambayo jina lake huwavuta wanaoanza. Nashauri iachwe kwa kazi hii. Yenyewe huchora mshale wote kwa kipimo cha data, ncha na mti pamoja. Kwenye grafu yetu ya ziwa, upande mmoja una miaka zaidi ya 100 na upande mwingine una mita 3 hivi, kwa hiyo kichwa kilichochorwa kwa vipimo hivyo hupindishwa na kubanwa. `annotate` huchora ncha kwa kipimo cha karatasi, ndiyo maana kichwa chake hubaki na umbo lake daima.

Ncha inasema nini

`arrowstyle` ina maumbo mengi, na kila moja lina sauti yake.

"->" ni ncha wazi ya mistari miwili. Ni sauti ya kawaida, na kwa grafu nyingi inatosha. "-|>" ni ncha iliyofungwa na kujazwa rangi, yenye uzito zaidi. "-" haina ncha kabisa, ni uzi tu unaounganisha jina na kitu chake. Nadhani huu ndio unaopuuzwa zaidi kati ya yote. Kama maandishi yako ni jina tu, mathalani "Bukoba" kando ya nukta, hakuna kinachoelekea popote, na uzi mwembamba unatosha. Ncha ibaki kwa ajili ya tukio.

"<->" ina ncha pande zote mbili, na husema "kutoka hapa hadi hapa". Kuonyesha kwamba maji yalipanda zaidi ya mita 2, weka maandishi matupu na mshale wa namna hii uliosimama wima kati ya usawa wa 1961 na wa 1964, kisha andika kipimo pembeni. "|-|" hufanya kazi hiyo kwa vijiti vilivyolala, kama rula ya fundi. "-[" huweka bano la mraba, na inafaa pale maelezo yanapohusu kundi la miaka badala ya siku moja. "fancy", "simple" na "wedge" ni za unene unaobadilika. "wedge" ni kabari inayoanza pana na kuishia nyembamba, na ikiunganishwa na maandishi yaliyo ndani ya kisanduku cha mviringo huonekana kama kiputo cha mazungumzo.

Ukubwa wa ncha nao una siri inayofaa kujulikana. Ukiandika "->,head_length=0.4", ile 0.4 si pointi wala sentimita. Ni sehemu ya namba iitwayo `mutation_scale`, ambayo isipotajwa huwa sawa na ukubwa wa maandishi. Maandishi ya pointi 10 hupata ncha ya pointi 4, na ya pointi 20 hupata ncha ya pointi 8. Kwa hiyo ukikuza maandishi kwa ajili ya ukumbi mkubwa, ncha inakua nayo bila kuambiwa. Watengenezaji waliona mbali: ncha ya mshale ni sehemu ya maandishi, kama nukta ilivyo sehemu ya sentensi.

Rangi ina mtego wake. Ukiita "-|>" bila kutaja rangi, utapata mti mweusi na kichwa kilichojazwa buluu, kwa kuwa ukingo na ujazo vina rangi zao tofauti za kuanzia. `ec` ni ukingo, `fc` ni ujazo, na `color` huvipaka vyote viwili kwa mara moja. Mimi huanza na kijivu cha katikati. Mstari wa data ubaki na rangi kali, mshale uwe na sauti ya chini. Ukiwa na mistari miwili ya rangi tofauti, basi mshale uchukue rangi ya mstari unaouzungumzia, na msomaji atajua bila kuambiwa.

Njia unayopita

Kutoka maandishi hadi jambo, mshale unaweza kupita kwa njia kadhaa, na `connectionstyle` ndiyo inayochagua. Bila kuitaja, mshale hunyooka. Mshale ulionyooka ni mwaminifu na mfupi, lakini kwenye grafu una tatizo moja: data nayo imejaa mistari iliyonyooka. Mshale unaokatiza mstari wa data kwa pembe ndogo huonekana kama kipande cha data.

Dawa yake ni "arc3,rad=0.2". Hii huupinda mshale kidogo, kama upinde uliovutwa nusu. Hesabu yake ni ya Bézier, aina ya mkunjo iliyoendelezwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa, na Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kwa ajili ya kuchora mabodi. Matplotlib huweka nukta moja ya kuvuta katikati ya safari, pembeni mwa mstari ulionyooka, kwa umbali wa `rad` mara urefu wa mshale. Ukiandika namba hasi, upinde unageukia upande wa pili. Kati ya 0.1 na 0.3 mkunjo unatosha jicho kuutofautisha na data. Ukifika 0.8 mshale unazunguka kama mtu anayekwepa kusema ukweli.

"angle3" nayo ni mkunjo, ila wewe unachagua pembe za kutokea na kuingilia. Inafaa pale unapotaka mshale uingie kwenye nukta ukitokea juu kabisa. "angle" na "arc" hujenga njia yenye kona, na kona zinaweza kuviringishwa. "bar" hupanda, hukata kulia, kisha hushuka, na ndiyo inayotumika kuunganisha nguzo mbili za grafu ya nguzo na kuandika juu yake kwamba tofauti yake imethibitishwa kitakwimu.

Pale panapohitajika mshale wa kutoka grafu moja kwenda nyingine, mathalani kutoka ramani ya ziwa hadi mstari wa usawa wa maji, kifaa chake ni `ConnectionPatch`. Hicho huruhusu kila mwisho wa mshale ukae kwenye uwanja wake wenyewe.

Mwanya wa milimita moja

Angalia kwa karibu mshale wowote wa Matplotlib, utaona haugusi nukta. Unaachia mwanya mdogo sana. Vigezo `shrinkA` na `shrinkB` huanza na pointi 2 kila kimoja, cha kwanza upande wa maandishi na cha pili upande wa ncha. Mwanya huo ni adabu njema: nukta ya data inabaki kuonekana nzima, haifunikwi. Kama alama zako ni kubwa, ongeza `shrinkB` hadi ncha isimame pembezoni mwa alama.

Lakini adabu hiyohiyo hugeuka uongo mdogo pale mshale unapokuwa kipimo. Ule mshale wa "<->" tuliouweka kuonyesha mita 2 utapungukiwa pointi 2 juu na 2 chini, jumla pointi 4, yaani karibu milimita 1.4 kwenye karatasi. Msomaji akiuweka mkabala na mhimili, kipimo hakitalingana na maneno. Hapo `shrinkA=0, shrinkB=0` ni lazima. Mshale wa kuonyesha uache mwanya, mshale wa kupima uguse.

Upande wa maandishi, mshale huanzia katikati ya kisanduku cha maneno na kujitokeza kwenye ukingo wake. `relpos` hubadilisha hilo: (0, 0) ni kona ya chini kushoto, (1, 0.5) ni katikati ya ukingo wa kulia. Kwa sentensi ndefu, mshale unaotoka katikati unaweza kupita chini ya maneno yenyewe, na kuuhamishia pembeni huokoa kazi. Na kama nyuma ya maandishi kuna msitu wa mistari, yape maandishi kisanduku cheupe kupitia `bbox`, au uzungushie mshale ukingo mweupe kwa `patheffects`.

Kuna jambo moja zaidi la kimaumbile. Pointi ni vipimo vya karatasi halisi. Ukichora grafu kwenye upana wa inchi 12 na gazeti likaichapa kwa inchi 6, maandishi ya pointi 10 yatasomeka kama ya pointi 5, na ncha itakuwa doa. Chora kwa ukubwa utakaochapwa tangu mwanzo, kwa `figsize`, ndipo kila kipimo kingine kiwe na maana.

Maktaba nyingine za Python zina mlango wao. Plotly huunganisha maandishi na mshale ndani ya `add_annotation`, na ncha zake huchaguliwa kwa namba kuanzia 0 hadi 8. Bokeh huweka kichwa cha mshale kama kitu cha kujitegemea. Kwa nukta nyingi zenye majina, ipo maktaba ya adjustText, inayosukuma maandishi ya Matplotlib yasigongane kisha kuyafunga kwa mishale. Majina hutofautiana, ila ukishajua kutofautisha kipimo cha data na kipimo cha karatasi, utahama kutoka moja kwenda nyingine bila taabu.

Mshale na sababu

Sasa turudi Jinja, kwa sababu vigezo vyote hivi vinaweza kuwa sahihi na grafu ikabaki na kosa.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa Jinja. Miaka saba baadaye maji yakaanza kupanda. Fikiria mchoraji anayeweka mshale safi, wa kijivu, uliopinda vizuri, ncha yake ikigusa 1954 na maneno yakisema "Bwawa lafunguliwa". Kila neno ni kweli. Hata hivyo msomaji ataufuata mshale hadi kwenye mlima wa 1961 na kujiambia kwamba bwawa ndilo lililojaza ziwa. Watafiti walioichunguza miaka ile wameonyesha kwamba chanzo ni mvua, kuanzia zile za vuli za 1961. Mchoraji hakuandika neno la uongo, lakini mshale wake umelisema.

Mahali ncha inapotua ni sehemu ya kauli vilevile. Maneno "mvua za vuli za 1961" yakielekezwa kwenye kilele cha 1964, yanasema vuli moja ilileta kilele chote. Yakielekezwa kwenye mguu wa mlima, pale mstari unapoanza kunyanyuka, yanasema jambo lililo kweli: hapa ndipo palipoanzia, na miaka ya mvua iliyofuata ikaendeleza. Umbali kati ya kauli hizo mbili kwenye karatasi haufiki sentimita mbili.

Mfano mgumu zaidi ni mporomoko wa 2004 hadi 2006, maji yaliposhuka kwa kasi na boti kukwama mbali na gati. Maelezo yalikuwa mawili: ukame, na maji yaliyoachiwa kupita mabwawa ya Nalubaale na Kiira zaidi ya kiwango kilichokubaliwa cha kuiga mtiririko wa asili wa mto. Mshale mmoja wenye neno "Ukame" unamwachilia mwendeshaji wa bwawa. Mshale mmoja wenye neno "Mabwawa" unaisahau mbingu. Hapa uaminifu unadai mishale miwili inayokutana mahali pamoja, yenye unene mmoja na rangi moja, au bano la "-[" linaloshika miaka yote mitatu na maneno yanayotaja sababu zote mbili. Ukiwa na shaka kuhusu sababu, maneno yataje wakati tu: "Maji yashuka, 2004 hadi 2006". Mshale unaotaja wakati ni salama kuliko unaodai sababu bila ushahidi.

Ndiyo maana wingi wa mishale nao ni suala la ukweli. Grafu yenye mishale tisa haimsaidii msomaji kuchagua la kutazama, na mchoraji anakuwa amekwepa kazi yake. Kwa grafu ya ukubwa wa nusu ukurasa, mimi hujizuia kwenye mitatu. Kwenye ziwa letu ningeweka mguu wa 1961, mporomoko wa 2004 hadi 2006, na Mei 2020, pale kilele cha 1964 kilipofikiwa tena na kupitwa kwa kitu kidogo sana, na watu wa mialo wakalazimika tena kuhamisha vitu vyao. Kilele cha 1964 chenyewe kingepata uzi mwembamba usio na ncha na tarehe yake, basi, kwa kuwa mstari unakionyesha vya kutosha.

Kabla ya kuikabidhi grafu, hufanya jambo moja. Naziba mishale yote kwa kipande cha karatasi na kujiuliza data inasema nini peke yake. Kisha nafunua mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja najiuliza swali la yule mzee wa kikaoni: huu mshale unaonyesha nini? Nikiweza kujibu kwa sentensi moja ambayo ningeisema mbele ya watu wanaoijua data kuliko mimi, mshale unabaki. Nikisita, naufuta mstari wake kwenye programu, haijalishi ncha yake imetoka nzuri kiasi gani.